Kupanga Maneno ya Kiswahili katika Duara

Muhuri wa mviringo ni kitu kidogo, lakini kazi yake si ndogo. Barua ya mtendaji wa kata, cheti cha shule, hati ya kuuziana shamba, stakabadhi ya chama cha ushirika: hizi zote aghalabu hazipokelewi mpaka zimepigwa muhuri, na mara nyingi muhuri wenyewe ni duara lenye maneno yaliyopinda kufuata ukingo wake. Zamani fundi wa mihuri alichonga mpira kwa wembe, herufi moja baada ya nyingine, na kila herufi aliikata huku akiitazama. Siku hizi maneno hupangwa kwa kompyuta, kisha mashine ya leza huuchoma mpira kwa kufuata mchoro uliopangwa. Kazi imekuwa nyepesi na ya haraka. Lakini lile jicho lililokuwa likiitazama kila herufi limeondoka, na mahali pake pameshikwa na hesabu. Makusudi ya makala haya ni kueleza hesabu hiyo jinsi inavyokwenda, na kuonyesha mahali inapogongana na maumbile ya maneno ya Kiswahili, yaandikwapo kwa herufi za Kirumi na yaandikwapo kwa herufi za Kiarabu.

Maandishi yaliyopinda si jambo la jana. Dinari za Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, zilizoanza kupigwa mwaka 77 wa Hijria, yaani 696 hadi 697 wa Miladi, zina maneno katikati, na maneno mengine yakizunguka ukingoni. Mchongaji wa sarafu hizo hakuwa na mstari ulionyoka wa kumbana. Alikata herufi palepale penye upinde, akazirefusha au kuzifupisha kwa kadiri ya nafasi aliyoiona mbele yake. Taabu ilianza kwa mpiga chapa. Herufi zake za risasi zilisimama juu ya vijiti vya pembe nne, zikapangwa ubavu kwa ubavu na kukazwa ndani ya fremu. Mstari ulionyoka ndio uliokuwa umbo lake la asili. Aliyetaka kuupinda hakuwa na budi kutia kabari nyembamba kati ya herufi na herufi, kwa upande wa vichwani, na kazi hiyo ilichosha na kupoteza saa. Kwa sababu hiyo maneno ya duara yaliachiwa wachonga nakshi na wachoraji wa chapa ya mawe, na katika vitabu vya kawaida yalionekana kwa nadra.

Kompyuta iliifungua njia hiyo kwa upesi wa kushangaza. Ndani ya kompyuta mstari uliopinda hauwekwi kama picha, bali kama nukta chache pamoja na kanuni ya kuziunganisha. Kanuni itumikayo sana ilitoka katika viwanda vya magari vya Ufaransa: Paul de Casteljau aliishughulikia katika kampuni ya Citroën tangu mwaka 1959, na Pierre Bézier wa kampuni ya Renault akaieneza katika miaka ya 1960, hata mistari hiyo ikaitwa kwa jina lake. Nukta zake kwa kawaida ni 4: mbili ni ncha za mstari, na mbili ziko kando, zikiuvuta mstari upande huu na upande huu kama mtu avutavyo kamba iliyolegea. Mwaka 1982 John Warnock na Charles Geschke walianzisha kampuni ya Adobe huko Marekani, na mwaka 1984 wakatoa lugha ya kuchora kurasa iitwayo PostScript. Kitabu cha mafunzo ya lugha hiyo kilichotoka mwaka 1985 kilikuwa tayari na mifano miwili kamili, mmoja wa kuandika maneno kuzunguka duara, na mwingine wa kuyaandika juu ya mstari wowote uliopinda. Mwaka 2001 kanuni za kimataifa za michoro ya SVG zikakubaliwa, nazo zinaeleza jambo hili kwa urefu. Programu ya bure iitwayo Inkscape, inayojulikana kwa wachoraji wengi wasio na fedha za kununua programu za ghali, imejengwa juu ya kanuni hizo.

Programu hufanya hivi. Kwanza husoma katika fonti upana wa kila herufi. Kisha hupima urefu wa njia ambayo maneno yatapita. Hapa pana ugumu kidogo, kwa maana urefu wa mstari wa Bézier wa nukta 4 haupatikani kwa kanuni moja fupi. Basi programu huukata mstari huo vipande vidogo vidogo vilivyonyoka na kuvijumlisha. Baadaye huitwaa herufi ya kwanza, hutafuta nukta ya njia iliyo chini ya katikati ya upana wa herufi hiyo, huangalia njia inaelekea wapi mahali pale, na kuizungusha herufi hata isimame wima juu ya mwelekeo huo. Ikiisha husogea mbele kwa upana wake, na kufanya vivyo hivyo kwa herufi ya pili, na ya tatu, mpaka mwisho.

La kushikwa katika maelezo haya ni moja. Herufi yenyewe haipindi. Maneno yaonekana yamepinda, lakini kila herufi imenyoka kama ilivyokuwa, nayo imeinamishwa tu; mfano wake ni matofali ya pembe nne yaliyopangwa kuzunguka kisima. Iko namna nyingine ambayo umbo la kila herufi hupindwa kwa kufuata njia, nguzo zake zikatanuka juu na kubanwa chini, au kinyume chake. Kanuni za SVG zinaitambua namna hiyo pia, ila kwa herufi za Kirumi matokeo yake huwa mabaya, kwa sababu nguzo ya H au ya M ikinenepa juu kuliko chini jicho hulitambua kosa mara moja. Basi katika herufi za Kirumi matofali ndiyo yatumikayo.

Tofali na tofali lenziwe katika duara huacha ufa wa kabari. Msomaji achukue muhuri wenye kipenyo cha milimita 38. Miguu ya herufi za juu imewekwa juu ya duara lenye nusu kipenyo cha milimita 15, na herufi zina kimo cha milimita 2, hata vichwa vyake vikafika kwenye milimita 17. Maneno JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA, pamoja na nafasi kati ya neno na neno, yana makao 31. Yakipewa tao la nyuzi 220, miguuni yana milimita 57.6 za kukalia, lakini vichwani yana milimita 65.3. Kila makao yameinama kupita jirani yake kwa nyuzi 7 na kidogo, na nafasi ya vichwani imezidi ya miguuni kwa sehemu 13 katika 100. Katika tao la chini, ambako vichwa vyaelekea ndani ili maneno yasomeke bila kuugeuza muhuri, mambo hupinduka: miguu iko kwenye milimita 17 na vichwa kwenye 15, na nafasi ya vichwani ni pungufu kwa sehemu 12 katika 100. Fonti ni moja, kimo ni kimoja, lakini maneno ya juu yataonekana yametawanyika na ya chini yamesongamana. Fundi ajuaye kazi yake huyabana ya juu na kuyaachia ya chini, akipima kwa usawa wa kiuno cha herufi, si kwa miguu. Kwa vipimo hivi ni kupunguza kama sehemu 7 katika 100 juu na kuongeza kama 6 chini.

Na mwanafunzi wa kazi hii hukosea hapohapo penye tao la chini. Huandika maneno juu ya duara lilelile la milimita 15, kisha huamuru programu iyageuze yaingie upande wa ndani. Nayo hutii, na maneno yakakalia nafasi kati ya milimita 15 na 13, badala ya kati ya 17 na 15. Pete ya juu na pete ya chini hazikutani tena, na mchoro wa katikati hupoteza nafasi yake. Dawa yake ni kuchora duara la pili, kubwa kwa kimo cha herufi, na kuliendesha upande wa kinyume. Njia, kwa programu, ina mwanzo na ina mwendo: duara la SVG huanzia upande wa kulia kabisa na kufuata mwendo wa mishale ya saa, ndiyo sababu maneno ya anayeanza kujifunza huchipuka ubavuni mwa duara na kuteremka kichwa chini.

Hayo yote ni ya lugha yoyote iandikwayo kwa herufi za Kirumi. Yaliyobaki ni ya Kiswahili.

Herufi A ndiyo inayotokea mara nyingi kuliko herufi zote katika maandishi ya Kiswahili. Ikiandikwa kwa herufi kubwa, ina umbo la kilima: miguu imepanuka, kichwa ni nukta. Katika mstari ulionyoka tayari huacha uwazi vichwani, na tao la juu huuzidisha uwazi huo. W ni kinyume chake, pana juu na nyembamba chini. Zikiwekwa pamoja katika WA, katika mstari ulionyoka mbavu zake huenda sambamba, na fonti nzuri huzisogeza zikaribiane. Juu ya tao zile mbavu haziendi sambamba tena, hupanuka juu kama mdomo wa faneli. Sasa viunganishi vya Kiswahili vyenye -a, yaani wa, ya, la, cha, za, na vinginevyo, karibu vyote ni vineno vya herufi 2 au 3 vyenye A mwishoni, na kila kimoja kina nafasi tupu mbele na nyuma. Matokeo yake ni kwamba katika pete ya juu WA huelea peke yake kama chombo kilichokatika nanga, wala haionekani kuwa mali ya neno la mbele au la nyuma. Nafasi za pande mbili za kineno kama hicho hazina budi kupunguzwa kwa mkono. Programu haitazipunguza, kwa kuwa yenyewe haijui kwamba hicho ni kiunganishi. Inajua upana wa W na upana wa A tu.

Ritifaa ya ng' ina shida yake. Alama hii ni nyembamba, nayo hukaa vichwani. Jina la NG'AMBO, mtaa wa mji wa Zanzibar ulio upande wa pili wa ile iliyokuwa hori, likipangwa juu ya tao la juu, ritifaa huwa na hewa nyingi kuliko inayohitaji. Likipangwa katika tao la chini, hubanwa kati ya G na A hata wino ukaijaza. Mpira ukichakaa kidogo, alama huwa doa, kisha hupotea. Na ritifaa ikipotea sauti imebadilika, maana ng' na ng si sauti moja, na mtu asiyepajua mahali hapo atalitamka jina visivyo.

Lakini madhara makubwa zaidi hutokea kwenye ncha za tao, na hapa ndipo maumbile ya lugha yanapoonekana waziwazi. Tao la muhuri lina mwanzo na mwisho. Je, maneno yakizidi urefu wake, hufanywaje? Kanuni za SVG zinasema kwamba herufi ambayo katikati ya upana wake imeanguka nje ya njia isichorwe kabisa. Haibanwi wala haipunguzwi. Hutoweka bila onyo lolote. Na kwa kuwa maneno ya muhuri kwa kawaida huwekwa katikati ya tao, yakizidi huzidi pande zote mbili sawasawa. Maneno yakizidi kwa milimita 3, basi milimita 1.5 ziko kila upande. Herufi ya kwanza ikiwa na upana wa milimita 2, katikati yake iko milimita 1 tu kutoka ukingoni kwake, nayo imekwisha kuanguka.

Katika Kiswahili kupotea kwa herufi ya mwisho na kupotea kwa herufi ya kwanza si mamoja. Neno la Kiswahili huisha kwa irabu, isipokuwa machache ya kukopwa. Kwa hiyo SHULE YA MSINGI ikipoteza herufi ya mwisho huwa SHULE YA MSING, na mtoto wa darasa la kwanza atasema kwamba neno halijaisha. Hata TANZANI na MKU hujifichua bila kuulizwa. Mwisho wa neno la Kiswahili ni mlango wenye komeo linalolia. Mwanzo wake hauna komeo. Mwanzoni ndipo kikaapo kiambishi cha ngeli, nacho hubeba umoja na wingi. Kiking'oka, kinachobaki mara nyingi ni neno jingine zima, lenye afya yake, lisilomshtua msomaji. MWALIMU bila M ni WALIMU. MWANACHAMA bila M ni WANACHAMA, na MWANAFUNZI ni WANAFUNZI. Umoja umekuwa wingi, na hakuna alama yoyote ya kuonyesha kwamba kitu kimepotea. MKULIMA huwa KULIMA, mtu akageuka kuwa kazi yake. MJUMBE huwa JUMBE, na yule aliyetumwa na wenzake akapanda cheo kwa kosa la fundi, maana jumbe katika miji ya Mrima alikuwa ndiye mkuu wa mji.

Lugha ya Kiingereza ina hatari ya namna hii, lakini imekaa upande wa pili, kwa sababu alama yake ya wingi iko mkiani mwa neno. Miongozo ya programu hizi imeandikwa kwa Kiingereza kwanza, na mtu aliyefunzwa kwayo huzoea kuutazama mkia. Kwa Kiswahili mazoea hayo hayatoshi. Jicho lianze kichwani.

Upo pia mfano ambao mafundi wenyewe wataucheka. OFISI YA MWALIMU MKUU ikipoteza O yake huwa FISI YA MWALIMU MKUU. Hapo upatanisho wa kisarufi unasaidia kidogo, kwa kuwa fisi ni mnyama, naye huambatana na wa, si ya. Mwenye kusikiliza lugha kwa makini atahisi kwamba fisi huyo si wa kweli. Lakini barua iliyopigwa muhuri huo imekwisha kwenda, na anayeipokea ana haki ya kushuku kwamba muhuri ni wa kughushi.

Upatanisho huohuo waweza kutumiwa kwa faida, mahali ambapo jina ni refu hata likahitaji matao mawili. Ofisi ya mtendaji wa kata ni mfano mzuri. Fundi asiyefikiri hujaza tao la juu mpaka lishibe, akaandika OFISI YA MTENDAJI WA juu, na KATA chini. Kiunganishi kimeachwa kwenye ncha ya kulia kikining'inia, na tao la chini laanza na neno ambalo, likisomwa peke yake, ni amri ya kukata. Ikikatwa kabla ya kiunganishi, OFISI YA MTENDAJI juu, WA KATA chini, kila kitu hukaa vizuri. Sababu yake ni ya sarufi. Kiunganishi hiki kina sehemu mbili: -a ya umilikaji humtazama anayemiliki, yaani neno linalofuata, na kiambishi cha mbele humtazama anayemilikiwa, yaani neno lililotangulia. Msomaji akiuruka uwazi kutoka ncha ya kulia ya tao la juu hadi ncha ya kushoto ya tao la chini, akaikuta WA, kiambishi chake kinamrudisha kwa mtu, kwa MTENDAJI, wala si kwa OFISI, ambayo ingetaka YA. Kwa hiyo WA ni uzi unaoshona matao mawili. Vivyo hivyo katika CHAMA CHA USHIRIKA juu na CHA WAKULIMA chini, CHA ya pili inamrudisha msomaji kwenye CHAMA, ijapokuwa USHIRIKA ndilo lililo karibu zaidi. Lugha nyingi zilizozoeleka na wachapaji hazina uzi huu, na si ajabu kwamba vitabu vya wachapaji havikuutaja.

Duara linaloandikwa mzunguko mzima, pasipo ncha, ni jambo jingine. Hapo hakuna herufi inayoanguka, lakini hakuna mwanzo pia, na msomaji hana budi kuutafuta. Maneno UHURU NA UMOJA, yaliyo katika utepe wa nembo ya Tanzania, yakizungushwa katika duara bila nyota wala nukta ya kuyatenga, yaweza kuanzwa popote. Anayeanzia UMOJA husoma UMOJA UHURU NA, kisha hugundua kwamba na imeachwa bila mwenzi, naye hurudi kutafuta mwanzo wa haki. Sarufi imemsahihisha, ila imemchelewesha. Fundi akiongeza NA ya pili ili kuijaza pete, basi duara halina mwanzo hata kidogo, na kila usomaji ni sahihi. Jambo hilo laweza kuwa zuri katika pambo la ukutani, lakini katika muhuri halifai. Nyota ndogo upande wa kushoto inatosha kulimaliza.

Sasa herufi za Kiarabu. Kwa muda mrefu Kiswahili kiliandikwa kwa hati hizo, na tenzi nyingi zimehifadhiwa ndani yake. Hata leo wako watakao kuliandika jina la madrasa, la msikiti, au la kitabu, katika duara na kwa hati ya wazee wao. Hapa mfano wa matofali wavunjika. Herufi za Kiarabu hazisimami kila moja peke yake; hushikana mikono, na nyingi katika hizo zina maumbo 4, la peke yake, la mwanzo, la kati na la mwisho. Ziko 6 zisizoishika herufi inayofuata, nazo ni alifu, dali, dhali, re, ze na wau. Katika neno Kiswahili, mathalan, sini huishika wau, lakini wau haiishiki alifu. Neno moja huwa mafungu ya herufi zilizoshikana, na kati ya fungu na fungu pana uwazi mdogo. Programu isiyoijua hati hii huziweka herufi zote katika umbo la peke yake, tena kwa mpangilio wa kinyume, na matokeo yake hayasomeki kabisa. Huo ni ugonjwa unaoonekana, na kwa hiyo si wa kuogopwa sana.

Unaojificha ni ule wa programu inayojua maumbo yote 4, kisha ikaizungusha kila herufi peke yake kama izungushavyo za Kirumi. Mikono miwili iliyokuwa ikikutana katika mstari ulionyoka sasa hukutana kwa pembe. Miguuni hugusana, lakini upande wa nje pana ufa wa kabari. Kwa vipimo vya muhuri uliokwisha kutajwa, mkono wenye unene wa milimita 0.3 huacha ufa usiofika milimita 0.04, na wino huuziba. Lakini mchoro huohuo ukikuzwa uwe bango la duara lenye kipenyo cha mita 1, ufa huo hufika kama milimita 1, na kila mshikano wa jina la msikiti huonekana umekatwa kwa kisu. Fundi aliukagua muhuri akauona mzima. Bango lililochorwa kwa faili lilelile limechanika. Katika tao la chini, ambako vichwa vyatazama ndani, mikono hupandana badala ya kuachana. Basi ufa haupo, ila mstari una vikwazo vidogo vidogo kama fundo za mua.

Dawa ni kuacha matofali. Hati ya Kiarabu ni mwendo wa kalamu, na mwendo wa kalamu waweza kupinda. Kwa hiyo namna ile ya pili, ya kuyapinda maumbo yenyewe, iliyo mbaya kwa Kirumi, hapa ndiyo bora. Kwanza maneno yaandikwe katika mstari ulionyoka, herufi zishikane sawasawa, kisha fungu zima ligeuzwe kuwa mchoro, na mchoro huo upindwe. Nafasi ikibaki, isijazwe kwa kuzitenga herufi, kwa maana kuzitenga ni kuivunja mishikano iliyokwisha kufanywa. Ijazwe kwa kuurefusha mkono wa kushikana, kama waandishi wa hati walivyofanya siku zote walipotaka mstari ufike mwisho wa ukurasa. Mkono mrefu uliopinda kufuata duara hupendeza kuliko herufi yoyote ya Kirumi iliyowekwa mahali pale. Haya ni maoni, lakini wachache watayapinga.

Liko neno moja la ukaguzi wa muhuri wenye hati zote mbili. Katika muhuri wa Kirumi peke yake, maneno ya juu na ya chini yote huanzia kushoto, na nyota ya kushoto ndiyo jirani wa vichwa viwili. Hapo ndipo pa kutazama kwanza kama kiambishi kimeanguka. Lakini muhuri wenye Kiarabu juu na Kirumi chini una mwanzo mmoja kulia na mmoja kushoto. Nyota ya kulia iko mbele ya kichwa cha Kiarabu na nyuma ya mkia wa Kirumi, na nyota ya kushoto ni kinyume. Mkaguzi anayesoma hati moja tu ataiona nyota moja kati ya hizo, na hii ya pili ataipita.